Majani Yana Lori Lao, Watu Je? Kupunguza Kutegemea Magari Katika Nchi ya Chai

Mazungumzo kwa wananchi kuhusu usafiri, mazingira na jamii katika Kericho na Bomet

 

Kila siku ya kuchuma, jambo moja hutendeka katika vijiji vya Kericho na Bomet wala hakuna anayelistaajabia. Mkulima huchuma chai yake, hujaza kikapu, hukibeba mgongoni hadi kituo cha kununulia chai. Majani hupimwa na kuandikwa. Kisha lori moja hufika, hukusanya majani ya kituo kizima, huendelea hadi kituo cha pili na cha tatu, halafu huingia kiwandani. Hakuna mkulima anayekodi gari zima kupeleka kilo 20 za majani Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapset. Angefanya hivyo, mafuta yangekula bonasi yote.

Utaratibu huo haukuja kwa bahati. Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai, KTDA, ilipoanza kazi mwaka 1964, wakulima wadogo walikuwa wametawanyika milimani na wengi hawakuwa na chombo cha kusafiria. Kwa hiyo kituo kiliwekwa karibu na shamba, mahali ambapo mtu mwenye mzigo mgongoni angeweza kufika kwa miguu, na chombo kikubwa kikaachiwa kazi ya safari ndefu. Hata mashamba makubwa yaliyofunguliwa miaka ya 1920 yalifuata hesabu hiyo: nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba, shule na zahanati jirani, na kazini watu wakaenda kwa miguu. Historia ya mashamba hayo ina machungu yake, hasa ya ardhi, na machungu hayo hayajasahauliwa. Lakini mpangilio wenyewe una funzo: mahitaji ya kila siku yakiwa karibu, safari hupungua.

Sasa tazameni jinsi watu wenyewe wanavyosafiri. Asubuhi, gari lenye mtu mmoja huingia mjini Kericho likifuatwa na jingine lenye mtu mmoja. Mtoto hupelekwa shule ya mbali kwa bodaboda ilhali kuna shule umbali wa nusu saa kwa miguu, kwa sababu njia ya miguu haipo na mzazi anaogopa malori. Mama anayeuza mboga hulipa nauli mara mbili kwa siku kwa sababu soko liko kando ya barabara kuu, mbali na anakoishi. Majani ya chai yamepangiwa safari vizuri kuliko watu wanaoyachuma.

HESABU YA LITA MOJA

Lita moja ya petroli haifiki kilo moja kwa uzito. Hata hivyo, ikiungua ndani ya injini hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni iliyo ndani ya mafuta huungana na oksijeni ya angani. Lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7. Hewa hiyo haionekani, lakini hubaki angani kwa miaka mingi ikizuia joto la dunia kutoka.

Chukueni safari ya kilomita 10. Gari dogo linalotumia lita moja kwa umbali huo, likiwa na mtu mmoja, hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Matatu ya abiria 14 ikitumia lita moja na robo ya petroli itatoa karibu kilo 2.9, lakini zikigawanywa kwa abiria wote, kila mmoja anapata gramu 200 hivi. Bodaboda inayotumia robo lita itatoa karibu kilo 0.6 kwa abiria wake mmoja. Anayetembea au kuendesha baiskeli hachomi mafuta yoyote.

Kwa lugha nyingine, abiria 14 wa matatu moja wakiamua kila mmoja aje na gari lake, moshi unapanda kutoka kilo 2.9 hadi zaidi ya kilo 32, na foleni inakuwa na magari 14 badala ya moja.

Mtu anayeishi kilomita 5 kutoka kazini, akienda na kurudi kwa gari siku tano kwa wiki, husafiri kilomita 50. Hizo ni lita 5 kila wiki na kama lita 250 kwa mwaka wa wiki 50 za kazi. Ni zaidi ya kilo 570 za hewa ya ukaa kutoka kwa mtu mmoja, na bei ya lita 250 kila mwenye gari anaweza kuijumlisha mwenyewe. Zaidi ya hayo, safari fupi ndizo zenye hasara kubwa. Injini ikiwa baridi, kama ilivyo kila asubuhi katika miinuko hii, huchoma mafuta mengi kabla haijapata joto lake. Gari linalowashwa kwenda kununua mkate dukani huteketeza mafuta kwa uwiano mbaya kuliko linalokwenda Nakuru.

CHAI INAHUSIKAJE?

Wapo wanaosema, na hawakosei, kwamba Kericho na Bomet hazikuharibu hali ya hewa ya dunia. Viwanda na magari ya nchi tajiri yamechafua anga kwa zaidi ya karne moja. Familia nyingi za hapa hazijawahi kumiliki gari.

Lakini chai haiulizi nani alikosa. Mmea huu unataka mvua inayosambaa mwaka mzima na joto la wastani. Ukame ukirefuka, machipukizi hukauka. Baridi kali ikishuka usiku, jani huungua. Mvua ya mawe, ambayo Kericho inajulikana nayo duniani kote miongoni mwa wanasayansi wa hali ya hewa, hupasua majani na kuharibu mchumo kwa wiki kadhaa. Kaunti inayoishi kwa zao linalotegemea mvua ina sababu ya kwanza ya kutaka hali ya hewa itulie, hata kama sehemu yake katika lawama ni ndogo.

Taifa nalo limetoa ahadi. Mwaka 2020 Kenya ilijiwekea lengo la kupunguza gesi zinazoongeza joto kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote. Uchukuzi ni mojawapo ya sekta zinazohesabiwa katika lengo hilo. Miji midogo inayokua haraka ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuchangia, kwa sababu bado haijajifunga. Mji uliokwisha kujengwa kwa ajili ya magari huhitaji mabilioni kuurekebisha. Litein, Kapsoit, Sotik, Silibwet na Mulot bado zinajengwa.

GHARAMA YA DAMU

Moshi ni upande mmoja tu wa deni hili. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani kwenye barabara ya Nakuru–Kericho, lori lililopoteza mwelekeo liliparamia matatu, wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wengi wao walikuwa katika shughuli za kawaida za jioni: kuuza, kununua, kungoja gari la kurudi nyumbani.

Lawama ya breki na dereva ina mahali pake pa kuzungumziwa. Hapa liko swali jingine: kwa nini umati mkubwa hivyo ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye njia ya malori? Jibu linajulikana na kila mchuuzi. Mteja anapita kwa gari, kwa hiyo biashara humfuata mteja ukingoni mwa lami. Steji husogea hapo kwa sababu matatu husimama hapo. Bodaboda hupanga foleni hapo kwa sababu abiria hushukia hapo. Mwishowe soko, steji na barabara kuu hubanana mahali pamoja, na kinachowatenganisha watoto na matrela ni mstari wa rangi.

Makutano ya namna hiyo ni mengi katika kaunti hizi mbili. Mahali ambapo maisha yote hutegemea barabara moja, kosa la chombo kimoja huangukia kila mtu. Kupunguza kutegemea magari kunamaanisha, kwanza kabisa, kuhamishia soko, steji na njia za watu mahali ambapo mtu anaweza kununua kabeji bila kugeuka nyuma kwa hofu.

JIRANI ANAPOKUWA MBALI

Wakipsigis wana kokwet, wale majirani wa kilima kimoja ambao tangu zamani walikutana kuamua mambo yao: mpaka wa shamba, msaada kwa aliyefiwa, mtoto anayekosea. Kokwet ilikuwa na kipimo chake cha umbali. Mtu alifika kikaoni kwa miguu, akirudi alisalimiana na kila aliyekutana naye, na habari ya mgonjwa ilijulikana kabla ya jua kutua.

Mtu anayetoka kwenye lango lake ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa na kushuka kwenye lango la ofisi hakutani na jirani yeyote. Hamwoni mzee aliyeshindwa kupanda kilima, wala daraja la miti linalooza. Duka la mtaani hukosa shilingi zake, kwa sababu mwenye gari hununua mjini. Duka likifungwa, asiye na gari ndiye anayebaki na safari ndefu. Kwa njia hiyo, magari ya wachache huwasogezea wengi huduma mbali zaidi.

Wanaoumia ni wale wale kila mara: mtoto wa chekechea, mama mjamzito anayekwenda kliniki, mzee mwenye mkongojo, mtu anayetumia kiti cha magurudumu kwenye ukingo wa barabara usio na njia wala taa. Njia nzuri ya miguu inayowafaa hao itamfaa kila mtu mwingine.

NI KAZI YA NANI?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaeleza wazi. Barabara za kaunti, taa za barabarani, usimamizi wa magari na maegesho, pamoja na usafiri wa umma barabarani, ni majukumu ya serikali za kaunti. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, kwa hiyo kaunti haiwezi peke yake kubadilisha Moi Highway ndani ya mji wa Kericho. Inaweza kuomba, kushauriana na kupanga pamoja na mamlaka hiyo.

Lakini katika jedwali lile lile kuna majukumu mengine ambayo wananchi wengi hawayahusishi na usafiri: masoko, zahanati na vituo vya afya, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, na mipango ya ardhi. Hayo ndiyo mambo yanayozaa safari. Kaunti ikijenga soko mbali na watu, imetengeneza maelfu ya safari za pikipiki kwa miaka mingi ijayo. Ikiweka zahanati mahali panapofikika kwa miguu, imezifuta safari hizo bila kumkataza mtu yeyote kununua gari.

Hapo ndipo kipimo cha kikapu kinapohitajika. Kabla ya kiwanja cha mradi wowote wa umma kuchaguliwa, swali la kwanza liwe hili: je, mtu aliyebeba kikapu mgongoni anaweza kutoka kwake, kufika hapa na kurudi salama, mvua ikinyesha? Mradi unaoshindwa kipimo hicho uelezwe kwa nini uendelee.

WALIOKWISHA KUJARIBU

Kigali ni mji wa vilima na mvua kama Kericho. Tangu mwaka 2016 mji huo umekuwa ukifunga baadhi ya barabara zake kwa magari asubuhi za Jumapili zilizochaguliwa. Watu hutembea, hukimbia, huendesha baiskeli na kupimwa afya. Addis Ababa ilianza utaratibu kama huo mwishoni mwa mwaka 2018. Dar es Salaam ilizindua mabasi ya mwendokasi Mei 2016, yakiwa na njia zao wenyewe katikati ya barabara, na basi likayapita magari madogo yaliyokwama kwenye foleni.

Karibu zaidi kuna Kisumu. Mji huo uliandaa mpango wa usafiri endelevu mwaka 2020, na kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 ulipanua njia za waenda kwa miguu katikati ya mji. Miji hiyo yote ni mikubwa kuliko Kericho na Bomet, na si kila walichofanya kinafaa hapa. Mji mdogo hauhitaji mwendokasi. Unahitaji njia ya miguu yenye upana wa watu wawili kupishana, mtaro uliofunikwa, kivuko kinachoonekana, taa inayowaka na steji yenye paa.

MASWALI YANAYOSIKIKA MARA KWA MARA

Milima na mvua je? Ni kweli, si kila safari ni ya miguu. Lakini watoto wa nchi hii wamepanda vilima hivi vizazi na vizazi. Kinachowashinda ni matope, giza na malori, na hivyo vitatu vina dawa. Kwa safari ndefu, matatu inayotoka kwa saa inayojulikana hata kama haijajaa humshawishi mwenye gari kuliacha nyumbani. Sacco za matatu zinaweza kukubaliana na kaunti kuhusu saa hizo, zikianza na njia moja na saa za kwenda na kutoka kazini.

Vijana wa bodaboda watakula wapi? Tangu serikali ilipoondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008, kazi hii imelisha familia nyingi, na hakuna mpango wa busara unaoweza kuifuta. Bodaboda ina nafasi yake: kumtoa abiria kijijini hadi steji, kumfikisha mgonjwa hospitalini, kubeba mzigo. Safari fupi za namna hiyo ni salama kuliko kushindana na matrela kwenye barabara kuu, na vituo vilivyojengwa vizuri karibu na steji huwaletea wateja bila kuwafukuzia.

Magari ya umeme hayawezi kumaliza tatizo? Yatasaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Pikipiki ya umeme haitoi moshi kijijini. Lakini gari la umeme lenye mtu mmoja huchukua nafasi ile ile barabarani, humgonga mtu vile vile, na bei yake humwacha nje yule yule asiye na gari leo. Kwa hiyo umeme uanze na vyombo vinavyobeba watu wengi na vile vinavyotembea kutwa.

Wenye maduka watapoteza wateja? Gari moja lililoegeshwa mbele ya duka kutwa nzima huleta mteja mmoja. Nafasi hiyo ikiwa njia ya miguu, mamia ya watu hupita mlangoni kwa mwendo wa kuweza kuona kilichomo dirishani.

HATUA ZA MWAKA HUU

Nyumba kwa nyumba, ianze safari moja: ile fupi kuliko zote, ambayo gari huwashwa kwa mazoea. Walio na magari na wanaoelekea njia moja wapeane zamu. Shule ziandae makundi ya watoto wa mtaa mmoja watembee pamoja na mzazi mmoja wa zamu. Waajiri, pamoja na viwanda vya chai, wafikirie basi moja la wafanyakazi badala ya maegesho mapana zaidi.

Kwa upande wa serikali, kila kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo kuna vikao vya wananchi. Pia kuna kamati za mabadiliko ya tabianchi katika wadi, zilizoundwa chini ya mpango wa FLLoCA, ambazo hupokea mapendekezo ya miradi kutoka kwa wananchi wenyewe.

Pendekezo zuri halihitaji maneno mengi. Litaje njia yenyewe: inaanzia wapi, inaishia wapi, ni ya urefu gani, nani huitumia, mahali gani maji hujaa, mahali gani mtu aligongwa. Wanafunzi wa darasa moja wanaweza kuhesabu kwa asubuhi moja wanaopita kwa miguu, kwa pikipiki na kwa magari, na karatasi hiyo ikawekwa mezani kwenye kikao. Wadi iliyokuja na hesabu kama hiyo ni vigumu kuambiwa kwamba njia ya miguu si hitaji la watu.